Kisanduku cha Nne

Mwaka wa kumi na mmoja huu, nakaa dirisha lile lile,
Idara ya Masomo ya Familia, Arua, ghorofa ya chini,
napokea fomu, nagonga muhuri, narudisha zenye mapengo.
Kisanduku cha kwanza, jina. Cha pili, namba. Cha tatu, wilaya.
Cha nne: *Jina la baba, au mkuu wa kaya.*
Kikiwa kitupu, fomu haivuki kioo.
Ndivyo nilivyoelekezwa; nami sikuwa mtu wa kuuliza.

Akaja Kiden, vumbi la Bidibidi magotini,
kisanduku cha nne cheupe kama sahani ya mgeni ambaye hakufika.
"Jaza," nikasema.
"Nimjaze nani? Baba alibaki ng'ambo ya mto Kaya.
Mkuu wa kaya ni yule aliyebaki Kaya,
au ni mimi ninayesonga posho ya wadogo watatu
kabla jogoo hajakohoa?"
Foleni nyuma yake ilicheka kidogo, kisha ikanyamaza.
Sheria ni msumeno, nikajisemea.
Nikairudisha fomu chini ya kioo.
Mara ya pili aliiacha pale pale, akaondoka.
Mara ya tatu haikuwapo.

Mwalimu Ayikoru ndiye aliyeuliza:
"Yuko wapi yule wa themanini na moja,
aliyeandika kwamba familia ni kazi kabla haijawa damu?"
Nikamwonyesha droo.
Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.
Alizunguka, akaingia upande wangu, akaketi juu ya kreti la soda.
"Na wewe, Bakhita, chako ulikijazaje?"

Sasa nitasema, maana ni jioni na dirisha limefungwa.
Alinilea bibi, Zaitun, msuka vikapu,
akanilipia karo kwa sarafu zilizonuka ukindu.
Kwenye fomu nikaandika mjomba.
Mjomba huyo sijamwona hata pichani.
Muhuri ulimkubali.
Bibi hakuonekana popote,
si kwa wino, si kwa penseli.

Wiki ile tulikifuta kisanduku.
Mkuu wa idara akakuna kichwa: karatasi zimeshachapwa!
Basi tutaandika nyuma, akasema Ayikoru.
Tukaandika nyuma, kwa mkono:
*Unakula chungu kimoja na nani?
Nani akiugua, wewe hufiki darasani?*
Mistari hatukuihesabu.

Majibu yakaja, yakatuvua nguo.
Kumbe lori la kambini huondoka saa kumi,
na somo la Malezi tulilianza saa kumi na nusu;
miaka yote hiyo tukiwaita watoro.
Kumbe Anguzu, tuliyemdhania ana kiburi, hasikii.
Kumbe Candiru ana kichanga,
na somo la Haki za Mtoto hulisikilizia dirishani, kwa nje,
akinyonyesha nyuma ya tangi la maji.

Somo likahamia asubuhi. Mkalimani wa ishara
alipatikana muhula wa pili, baada ya barua saba.
Kichanga hukaa kwangu. Ametafuna mpini wa muhuri
hadi neno IMEPOKELEWA limelalia ubavu mmoja.

Kiden nilimfuata mwenyewe, juu ya lori, fomu kifuani.
Alikuwa akianua mtama.
Akaandika akiwa amesimama: wadogo watatu,
jirani Mama Jokudu, mbuzi mmoja (akamfuta mbuzi,
akafikiri, akamrudisha).
Mwaka huu anaandika tasnifu. Analalamika kuhusu takwimu
kama watoto wa watu wengine wote.

Wawili hatukuwapata. Simu moja huita tu.
Nyingine haiiti.

Na faili langu, kabati la tatu, bado lina mjomba.
Kesho saa tatu nitampa Ayikoru kiti changu,
nitazunguka nje, nisimame foleni nyuma ya wanafunzi,
niinamie kioo, nidai fomu,
nianze na herufi Z.